Milimita Tatu: Niliyowaambia Mafundi Vijana wa Tanga Kuhusu Bunduki Ghali za Mashindano

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo wanangu?

Mwenyekiti wetu, mafundi wenzangu wa Ngamiani na Makorora, wazee mliotoka Pangani na Muheza, na nyinyi vijana ambao vyeti vyenu bado vinanukia wino: nimeombwa niseme juu ya bei ya kazi ya mikono. Ningeweza kuchukua kitanda cha mninga au mlango wa nakshi, vitu mnavyovijua. Nimechagua kitu cha mbali kwa sababu ndicho kilichonifumbua macho mimi. Nacho ni bunduki ya marisau, shotigani, ile inayotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya kulenga sahani ndogo zinazorushwa hewani.

Msishtuke. Sikuja kumshawishi mtu anunue silaha. Silaha hapa kwetu ina sheria yake ya mwaka 2015 na kibali chake, na asiye na kibali asiiguse. Mimi mwenyewe sina bunduki na sijawahi kuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni tupa, randa na msasa. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi seremala katika kambi ya uwindaji wa kitalii, huko porini. Nilitengeneza meza, vitanda, milango ya mabafu. Mgeni akipasua kitako cha bunduki yake, mwajiri wangu, ambaye ndiye aliyekuwa na leseni, alikifungua kile kitako akanipa mbao peke yake, chuma kikabaki kwake. Ndivyo nilivyokutana na mti wa mjozi, na ndivyo nilivyoanza kujiuliza kwa nini kipande cha mbao cha urefu wa mkono kinaweza kuwa ghali kuliko nyumba ya bati ya vyumba vitatu.

Bei kwanza. Bunduki mpya ya kawaida ya mitutu miwili, iliyotoka kiwandani Uturuki, mtu wa Ulaya au Marekani anaipata kwa chini ya dola 1,000. Inalia, inaangusha kanga, inavunja sahani. Sasa nenda kwa Perazzi, karakana iliyoanzishwa na Daniele Perazzi mwaka 1957 karibu na mji wa Brescia, Italia, au kwa Krieghoff wa Ulm, Ujerumani. Huko bunduki ya mashindano isiyo na pambo inaanzia juu ya dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 za kwetu. Ikitiwa nakshi inapanda hadi makumi ya maelfu ya dola. Na ukienda London kwa Purdey, walioanza kazi mwaka 1814, bunduki ya kuagiza inapita pauni 100,000. Zote hizo zinapiga risasi ileile ya namba 12, na upana wa mtutu ni uleule wa milimita 18 na nusu hivi. Fundi yeyote mwenye akili lazima aulize tofauti hiyo imekaa wapi.

Ili mnielewe, muione kazi yenyewe. Sahani inayolengwa ina upana wa milimita 110, sawa na kisosi cha kahawa, na uzito wa gramu 105. Katika mchezo wa Olimpiki mlengaji anasimama mita 15 nyuma ya handaki lenye mashine 15. Anaita, sahani inatoka bila yeye kujua itaelekea upande gani, inakimbia kama basi la Dar lililopata barabara nyeupe. Ana muda usiofika sekunde moja. Na lazima arudie hivyo mara 125 katika hatua ya mchujo. Kule Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa Slovakia, Zuzana Rehák Štefečeková, alivunja zote 125, asikose hata moja, akaenda kuchukua dhahabu. Katika mchezo wa namna hiyo, upande wa wanaume, siku ya hali nzuri ya hewa, aliyekosa sahani tano mara nyingi anabaki kutazama fainali kama mtazamaji mwingine yeyote. Kwa hiyo bunduki ya elfu moja na ya elfu kumi zote zinavunja sahani. Wanaolipa elfu kumi wanalipia zile sahani mbili au tatu za mwisho.

Tuingie karakana.

Bunduki hizi hukunjika katikati kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Unaikunja, unatia risasi mbili, unaifunga. Kila inapolia, nguvu ya baruti inataka kuutenga mtutu na mwili wa bunduki, yaani ule mlango unagongwa nyundo kwa ndani. Mtu anayeshindana kwa dhati hupiga makumi ya maelfu ya risasi kwa mwaka. Niambieni, ni mlango gani mlioutundika ukagongwa mara elfu ishirini kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, ukabaki haupwayi?

Mashine za kompyuta siku hizi zinakata chuma cha pua vizuri mno, na hata viwanda ghali vinazitumia. Lakini vipande vikishakatwa bado havijaoana. Fundi anachukua viwili vinavyokutana, anapaka masizi ya moshi wa taa kwenye kimoja, anafunga, anafungua. Masizi yalipohamia upande wa pili ndipo chuma kinapogusana. Anapitisha tupa laini mara moja, mara mbili. Anapaka tena, anafunga tena, anafungua tena. Kazi hiyo inaendelea mpaka masizi yaenee kote sawasawa. Wajenzi wa majahazi mliokaa pale nyuma mnaijua subira hii, maana nimewaona mkiupeleka ubao kwenye taruma, mkiurudisha, mkiuchonga upana wa kucha, mkiupeleka tena, jua likitembea mpaka likazama. Tofauti ni kwamba ubao ukikosea mna kalafati ya kuziba. Kwenye chuma hiki hakuna kalafati. Ukiondoa unywele mmoja zaidi, kipande ni cha kutupa.

Mtutu nao una habari yake, na hii ndiyo inayonisisimua kuliko zote. Kwa desturi ya zamani, ambayo haijafa, fundi wa mitutu huinua mtutu kuelekea dirishani akachungulia ndani. Kuta zake zinang'aa kama kioo, na mwanga wa dirisha huchora humo pete za kivuli, moja nyuma ya nyingine. Pete zikiwa duara kamili, mtutu umenyooka. Pete moja ikibonyea upande, mtutu umepinda mahali pale. Anaubana au anaugonga kwa adabu, anachungulia tena. Jicho la kuona kasoro hiyo halipatikani kwa mwaka mmoja wala miwili.

Kisha mitutu miwili huunganishwa, mmoja juu ya mwingine. Mtu angedhani inalala sambamba, lakini huinamiana kidogo sana ili marisau ya mtutu wa juu na ya wa chini yafike mahali pamoja. Inaungwa kwa lehemu, na nyinyi mafundi chuma mnajua chuma kikipata moto hujikunja kinavyotaka. Basi bunduki inapigwa kwenye bamba, bamba linatazamwa, bunduki inarudi mezani. Inapigwa tena, inarudi tena. Bunduki rahisi hairudi mezani. Inatiwa kwenye boksi.

Nitaje na mtambo wa kufyatulia, kwa ufupi. Ennio Mattarelli, Mwitalia aliyechukua dhahabu ya Tokyo mwaka 1964, alikaa na Perazzi wakabuni bunduki ya kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, ikaitwa MX8. Mtambo wake wote wa kufyatulia unachomoka kwa mkono. Springi ikikatika katikati ya mashindano, unachomeka mtambo mwingine, unaendelea. Mpaka leo bunduki hiyo inatengenezwa. Mtu aliyewahi kushindwa kazi kwa sababu ya springi ndogo anaelewa kwa nini wenzake walikuwa tayari kuilipia.

Sasa kitako. Hapa naomba maseremala mnikaribie.

Bunduki ya kulenga sahani ina shanga ndogo kwenye ncha ya mtutu, lakini nyuma haina kitu cha kulengea. Kitu cha nyuma ni jicho la mtu mwenyewe. Na jicho linawekwa mahali pake na shavu, na shavu linawekwa na mbao. Kwa hiyo seremala ndiye anayelenga kabla mlengaji hajainua mkono! Fanyeni hesabu nami. Kutoka jicho hadi ncha ya mtutu ni karibu mita moja. Sahani inavunjwa kwenye umbali wa mita 35 hivi. Ukingo wa kitako ukiwa juu kwa milimita tatu kuliko inavyotakiwa, kundi la marisau linapanda kwa zaidi ya sentimita 10 huko mbele. Sahani yenyewe upana wake ni sentimita 11. Milimita tatu ni unene wa kadi nne za benki zikipangwa pamoja.

Ndiyo maana mwenye kuagiza bunduki hizi hupimwa kama anayeshonewa kanzu: urefu wa mkono, shingo, upana wa bega, mahali shavu lilipo na jicho lilipo. Kitako kinachongwa kwa ajili ya mwili mmoja. Mti wenyewe ni mjozi, ule unaozaa jozi, na unaosifiwa zaidi unatoka Uturuki na milima ya Caucasus. Hukatwa karibu na mizizi ambako nyuzi zinajiviringa na rangi zinachanganyika, kisha unakaushwa taratibu kwa miaka. Anayechagua anatafuta mambo mawili yanayogombana: nyuma pawe na nyuzi za kupendeza macho, na kwenye shingo ya kitako nyuzi zikimbie moja kwa moja, maana hapo ndipo panapopasuka. Nimewahi kutengeneza kitako cha mninga kwa bunduki ya kambi, na kilishika vizuri. Hata mtiki wa Longuza nimeujaribu, lakini sikuupenda, unakwanguka kirahisi pale penye pembe kali. Mjozi ukikauka unakubali pembe nyembamba kama karatasi na haumeguki.

Nakshi sitaikalia sana. Katika bonde la Val Trompia, juu ya Brescia, kuna wachongaji wanaofanya kazi kwa lenzi na patasi ndogo iliyonolewa kama sindano, wakitia ndege na majani kwenye chuma kwa vitone na mistari, na kipande kimoja kinaweza kula miezi. Nakshi hiyo haivunji sahani hata moja ya ziada. Kuna wanaosema kwamba huo ni ufujaji. Mimi sikubaliani nao. Mfaa wa mlango uliochongwa, kama ile inayoonekana kwenye nyumba za zamani za Pangani na Bagamoyo, haumzuii mwizi kuliko ubao mtupu, na bado hakuna mtu hapa ambaye angetaka babu zetu wangetundika ubao mtupu.

Hadi hapo nimesema kwa nini ni ghali. Sasa niseme kwa nini zinatamanisha, maana ni jambo jingine kabisa, na fundi asipotenganisha mambo hayo mawili ataharibikiwa.

Mlengaji akikosa sahani, sahani inaenda zake nzima, haiachi alama. Haimwambii kama alipiga juu, chini, mbele au nyuma. Haimwambii kama kosa ni la jicho, la mguu, la usingizi wa jana au la bunduki. Seremala akikosea, ufa unaonekana na kila mtu anajua ni wa nani. Mlengaji anabaki na kimya, na ndani ya kimya hicho kila mtu hutafuta wa kumlaumu. Bunduki iko mkononi, haina mdomo wa kujitetea. Halafu pembeni yake amesimama aliyeshinda, na aliyeshinda ameshika Perazzi. Hapo mtu haoni tena miaka ya mazoezi. Anaona chuma.

Akiinunua, wiki za kwanza anapiga vizuri kweli. Ni kwa sababu amekuwa makini upya, kama sisi sote tunavyokuwa na kifaa kipya. Umakini ukizoea, sahani zinaanza kumpita tena, naye anaanza kutazama bunduki ya mwenzake mwingine. Angalieni mabingwa wanavyofanya. Kim Rhode wa Marekani alipata medali katika Olimpiki sita mfululizo, kuanzia Atlanta mwaka 1996 hadi Rio mwaka 2016. Perazzi yake aliyoizoea alikuwa nayo tangu ujana wake, akaishikilia miaka mingi mpaka ikaibwa mwaka 2008, na baadaye ikapatikana. Hakuwa akiibadilisha kila msimu. Fedha ya bingwa inaenda kwenye risasi. Chukulieni risasi moja ni nusu dola tu: anayepiga elfu ishirini kwa mwaka ameshachoma dola 10,000, thamani ya bunduki nzima, na mwakani ataanza upya.

Alikuja mgeni mmoja kambini, mtu mzima, mpole, anayeshindana kwao. Alikuja na bunduki mbili, moja ya zamani imechubuka, na moja ghali sana ya Kiitaliano aliyoinunua mkononi mwa mtu mwingine. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba ilikuwa ya tatu kununua ndani ya miaka michache. Kwa ile ya zamani alikuwa anaangusha kwale. Kwa mpya kwale walimpita, na kila jioni alikaa barazani akiifuta kwa kitambaa, uso umemshuka. Niwaambieni kweli, ilikuwa nzuri. Mwajiri aliifunga mbele yangu, ikatoa sauti ndogo, nzito, kama mlango wa gari jipya, na mimi ambaye sitaki bunduki nilihisi mkono wangu unaitaka.

Mwajiri akaninong'oneza nipime. Nikaweka rula ndefu juu ya kila moja. Ukingo wa shavu wa ile mpya ulikuwa juu kwa milimita tatu. Ilichongwa kwa uso wa mtu mwingine. Nikagonga fremu, tukatundika karatasi kubwa, mgeni akapiga kwenye mita 35. Matundu yote yalijaa juu, karibu nusu shubiri kupita alama.

Nikamwambia: hii mbao inataka kushuka. Akaitazama ile mbao, nyuzi zake nyeusi na za asali, mbao ambayo thamani yake ilizidi mshahara wangu wa miaka miwili. Akasema atalala nayo. Asubuhi alikuja kabla ya chai akasema neno moja: "Kata."

Nilifanya kazi siku mbili. Tupa, kisha msasa, kisha rula, kisha anaishika, kisha tupa tena. Mwishoni nikapaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, mpaka mbao ikarudisha rangi yake. Siku ya tatu akapiga karatasi. Matundu yalikaa katikati.

Akaniuliza, "Bei gani, fundi?" Nikafanya kama tunavyofanya sote hapa Ngamiani: nikatazama viatu vyake, nikataja kiasi. Akatoa fedha bila kubishana. Kisha akauliza, "Ni saa ngapi za kazi?" Sikuwa na jibu. Hakunicheka. Alikwenda hemani akarudi na karatasi ya fundi wa kwao aliyemchongea kitako cha bunduki ya zamani. Ilikuwa imeandikwa: saa za kupima, saa za kukata, saa za kuoanisha, saa za mafuta, bei ya mbao peke yake chini. Ile bei kubwa niliyokuwa nikiishangaa miaka yote ilikuwa imelala pale kwenye mistari, na sehemu kubwa yake ilikuwa saa za mtu kama mimi.

Watu wa bonde lile la Val Trompia wameandika hivyo tangu zamani. Ipo hati ya mwaka 1526 inayoonyesha kwamba fundi wa Gardone, mji wa bonde hilo, Bartolomeo Beretta, aliliuzia ghala la silaha la Venice mitutu 185 na akalipwa dukati 296, fedha ya huko wakati ule. Ni karibu miaka mia tano, na bei ya kazi yake bado inasomeka. Nani kati yetu anaweza kunionyesha bei ya mlango alioutengeneza mwezi uliopita, na saa alizoziweka? Mnunuzi wa bunduki ghali ananunua vitu viwili kwa pamoja, saa za fundi na tumaini lake mwenyewe. Saa ni za fundi kuziuza, na azidai zote. Tumaini si lake. Siku mteja akija na kitanda kizuri anachotaka kukitupa kwa sababu halali usingizi, tazama kwanza kama kimoja cha vijiti vyake kimelegea.

Nimekuja na kopo hili la maziwa. Ndani yake kuna unga na vinyweleo vya ule mjozi, nilivyovifagia chini ya meza yangu siku ile, vyote vilivyotoka kwenye zile milimita tatu. Pamoja nao kuna kijipande cha kitako kingine kilichopasuka, ambacho mwenyewe alikiacha. Vipite mikononi kuanzia mstari wa mbele. Kijipande kiangalieni kwenye mwanga wa dirisha, mkifuate nyuzi kutoka upande huu hadi ule, na mkifika mahali zinapogeuka, pabonyezeni kwa kucha. Kopo msilitikise, fungueni mnuse tu, kisha mpeni wa jirani.